Kimo cha Ukumbi wa Ipogolo

12 Novemba

Nimehamia Ipogolo leo na mvua ya kwanza imenipokea kabla ya mwenye nyumba. Godoro limelowa upande mmoja, na matope mekundu ya huku hayatoki kwenye kiatu hata uyakwangue kwa kisu. Mwenye nyumba ni mama mjane, Faustina, mzee wa kanisa hapa usharikani. Kanitazama toka juu mpaka chini, kisha akanisalimu Kihehe, "Kamwene. Kwenu wapi?"

Nikamwambia Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu.

"Basi baridi umeizoea. Na kelele za malori umezizoea."

Amepatia yote mawili. Chumba changu ni cha uani. Ndani anaishi na mdogo wake, Yusta, ambaye miguu ilikufa baada ya kiharusi. Yusta hushinda dirishani akiyasema malori yanayopita: hili limejaza, lile dereva wake amelewa. Nimempenda palepale.

20 Novemba

Yusta kaniuliza nafanya kazi gani hasa. Nikamwambia napima urefu wa nyumba za watu bila kuzigusa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Unazipima kwa macho?"

"Kwa kompyuta, mama mdogo."

Nikamweleza hivi. Mwezi wa tisa droni ilipita juu ya bonde lote la Ruaha Mdogo ikipiga picha. Kutokana na picha hizo nina mchoro wa msingi wa kila jengo, yaani mstari unaozizunguka kuta ukitazama toka angani. Ndani ya mstari kompyuta inachukua mwinuko wa paa. Nje kidogo ya mstari, pande zote, inachukua mwinuko wa ardhi. Ukitoa ardhi kwenye paa unabaki na kimo cha jengo. Nyumba yao hii ni mita tatu na nukta nane.

"Na faida yake?"

Faida yake ni mafuriko. Wanataka kujua majengo yapi ya bondeni yana sakafu ya juu, ili mto ukivimba watu wapande huko. Kanuni katupa Crispin, bosi wangu: chukua kimo, gawanya kwa tatu, hiyo ndiyo idadi ya sakafu. Jengo kubwa lenye sakafu mbili linakuwa mahali pa kukimbilia.

Yusta akatazama miguu yake. "Mimi nitakimbilia kwa toroli," akasema, na tukacheka wote.

26 Novemba

Jumapili. Baada ya ibada Mama Faustina kanipeleka kuona ukumbi wa usharika, kule chini karibu na mto. Funguo anazo yeye, kwenye kamba shingoni. Ukumbi aliujenga marehemu mumewe, Kasian, fundi mwashi. Kuta ni za kawaida, ila paa! Limepanda, limesimama, bati jekundu mpaka juu. Ndani hakuna dari. Ukiinua macho unaona kenchi nene za mkaratusi zilizobeba paa, na giza.

"Wazee walimwambia, Kasian, paa kubwa hivi la nini? Akawajibu, nataka mtu anayetoka Dar akiwa kule mlimani kwenye basi alione, aulize, kile nini kile?"

Alikuwa akifagia huku anasema. Anafagia kila Jumamosi, lakini vumbi la Jumapili nalo halimpi raha. Nimemwonea Kasian wivu kidogo. Mimi sijaacha kitu chochote kinachoonekana toka mlimani.

3 Desemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimelala na soksi mbili.

11 Desemba

Majedwali ya bondeni yamekamilika. Majengo yenye sakafu mbili yaliyo karibu na mto ni mawili tu. La kwanza ni duka la Mama Irfan, jina lake Shamsha, ambaye familia yake inauza vifaa vya ujenzi hapa tangu enzi za babu wa mumewe. Chini duka, juu wanaishi. Mita saba na nukta nne. Sawasawa kabisa.

La pili ni ukumbi wa Kasian. Mita saba na nukta mbili, sakafu mbili.

Nilicheka peke yangu ofisini. Kimo ni sahihi, nimerudia mara tatu. Ila nusu ya kimo kile ni paa tupu. Nikamwita Crispin. Akatazama, akakuna kidevu.

"Kanuni ni kanuni, Damari. Ukianza kurekebisha jengo moja kwa macho, utarekebisha yote?"

"Hili nimeingia ndani, bosi. Ni chumba kimoja kitupu."

"Haya, weka moja. Mengine tutayaona awamu ya pili."

Nikaweka moja. Nikatoka ofisini nikiwa na furaha, nikanunua uyoga wa wale kina mama wa barabarani, nikampelekea Mama Faustina.

21 Desemba

Naenda Iyunga kula Krismasi. Yusta kaagiza mchele wa Kyela.

9 Januari

Nimerudi, nimekuta uso umenuna. Mchele umepokelewa kwa "asante" ya mdomo. Chakula changu cha jioni, ambacho Mama Faustina huniletea siku zote, hakikuja. Nimekula mkate.

10 Januari

Sasa nimejua. Nikiwa Iyunga kulifanyika mkutano wa kata, Crispin akasoma orodha ya mahali pa kukimbilia. Duka la Mama Irfan, basi, bondeni pameisha. Mzee mmoja akauliza, mbona ukumbi wetu haumo, nao ni mrefu kama duka? Na Crispin, badala ya kujibu kwamba hauna sakafu ya juu, akajibu kwamba kompyuta iliupa sakafu mbili, ila mtaalamu wake akaupunguza. Mtaalamu ni mimi.

Mama Faustina kanisimamisha uani na ndoo mkononi.

"Mashine imesema mbili. Wewe umesema moja. Kweli au si kweli?"

"Kweli mama, lakini..."

"Umekula kwangu."

"Mama, ule ukumbi hauna juu. Unajua hauna."

"Ninachojua ni kwamba duka la Mhindi limeandikwa, na kazi ya mume wangu imefutwa na mtoto anayelala kwenye nyumba ya huyohuyo mume wangu."

Akaingia ndani. Nilikasirika. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anagombania namba! Nilitaka kufungasha usiku uleule, mvua ikanizuia.

14 Januari

Ibadani hakuna aliyenipa mkono isipokuwa mchungaji, na yeye ni kazi yake.

19 Januari

Wazee wameandika barua kwenda halmashauri, halmashauri imempigia simu Crispin, Crispin kaniita mimi. Mambo yanateremka ngazi hadi yanamfikia wa chini.

"Kimo ni saba nukta mbili?"

"Ndiyo."

"Gawanya kwa tatu."

"Mbili na kidogo. Lakini bosi..."

"Damari, mimi sina ugomvi na kanisa la watu. Kanuni inasema mbili. Wao wanasema mbili. Ni wewe peke yako unayesema moja."

Nikamwambia sitaandika. Akasema kwa upole, "Fikiria mpaka Jumatatu." Afadhali angefoka.

21 Januari

Mama Faustina kaja chumbani kwangu jioni. Hakukaa kitandani wala kwenye kiti, alisimama mlangoni. Akaanza kusema habari za Kasian, jinsi alivyopanda paa lile akiwa tayari anakohoa damu, jinsi alivyomaliza kupaua mwezi wa nane na mwezi wa kumi wakamzika. Akasema tangu hapo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kulitaja jina la kitu alichokifanya. Hii ni mara ya kwanza.

"Mwanangu, mto wenyewe haujawahi kufika pale. Ni maandishi tu. Andika tu."

Kisha akalia. Mimi machozi ya watu wazima siyawezi. Bibi yangu akilia hata leo natoka nje.

22 Januari

Nimeandika mbili.

3 Februari

Fundi rangi kaja na kibao cha halmashauri, akakipigilia juu ya mlango wa ukumbi, kisha akachora maneno yaleyale ukutani kwa herufi nyekundu ndefu kama mtoto wa darasa la pili: MAHALI PA KUKIMBILIA MAFURIKO. SAKAFU 2. Kina mama wakapika chai na maandazi. Mama Faustina kavaa gauni la Pasaka. Amenishika mkono mbele ya wote akasema, "Huyu ni binti yangu."

Chakula cha jioni kimerudi. Ugali, majani ya maboga, na kipande cha kuku. Nimekula chote, na aibu yangu nayo nikaimeza.

10 Februari

Nimekwenda kununua balbu dukani. Mama Irfan alikuwa kaketi nyuma ya kaunta na shali mbili.

"Wewe ndiye binti wa ramani? Niambie kitu. Mimi nimewauzia saruji ya ukumbi ule, nimewauzia bati, misumari, komeo. Ngazi hawakununua. Hiyo sakafu ya pili mnaipandaje?"

Nikalipa balbu.

Jioni nikajikaza, nikamwambia Mama Faustina mbele ya Yusta: mto ukija msiende ukumbini, nendeni kwa Mama Irfan. "Haya mwanangu," akasema, kwa sauti ile ya kutaka maneno yaishe. Yusta akanitazama, kisha akageukia dirisha lake.

23 Februari

Mvua.

24 Februari

Mvua. Shamba la mahindi ng'ambo ya mto limelala. Harufu ya udongo mbichi hadi kwenye blanketi.

1 Machi

Wamekuja vijana na ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wake umekolea, Yusta kanywa kikombe kimoja kwa siri akasema malori yote leo yanacheza. Ni siku ya kwanza tumecheka wiki hii.

11 Machi

Mto umepanda hadi kwenye mawe ya kufulia. Nimemwandikia Crispin kwamba ukumbi utolewe kwenye orodha kabla ya ujumbe wa simu wa tahadhari kutayarishwa. Kajibu: "Awamu ya pili, Aprili."

19 Machi

Usiku kucha mvua haikukata. Hata radi hazipo, ni maji tu. Nimekwenda kazini mjini juu na gambuti za Mama Faustina.

22 Machi

Naandika kwa sababu nikiacha nitaanza kubadilisha.

Juzi, tarehe ishirini, saa nane mchana, simu zote za ofisini zililia pamoja. Ujumbe: Wakazi wa Ipogolo bondeni, mto unafurika. Elekeeni upesi Ukumbi wa Usharika au Duka la Shamsha. Ukumbi ulikuwa wa kwanza kwa sababu una eneo kubwa zaidi. Orodha hiyo ya kufuata eneo nilikuwa nimeipanga mimi.

Nikampigia Mama Faustina. Haikupokelewa. Nikachukua pikipiki hadi kwenye kona ya mlima ambapo polisi walikuwa wamefunga njia. Pale malori yalisimama na watu wameshuka wanatazama chini. Nikatazama nami. Bonde lilikuwa la kahawia, nyumba za upande wa mto zilikuwa mabati yanayoelea, nyumba yetu nikaitambua kwa tanki. Na katikati, limesimama, jekundu, paa la Kasian. Lilionekana vizuri sana. Dereva mmoja mgeni akauliza, "Kile nini kile?"

Nilikaa chini barabarani nikalia kwa sauti. Mtu akanifunika koti.

Yaliyotokea chini nimeyapata kwa waliokuwepo. Ujumbe ulipofika, Mama Faustina alimpakia Yusta kwenye toroli, akamfunika nailoni, akasukuma. Njia ya kwenda ukumbini inapita mbele ya duka. Mama Irfan alikuwa juu kwenye baraza, na watu wengine tayari wamejaa ngazi nzima. Akapiga kelele, "Faustina! Mlete huku! Irfan, shuka umbebe!" Irfan akashuka, maji yakiwa magotini, akashika toroli. Mama Faustina akamtoa mikono.

"Sisi tuna kwetu," akamwambia. Akaendelea kusukuma.

Akafungua ukumbi kwa ufunguo wa shingoni. Wakaingia watu wengi, waliosoma ujumbe na waliosoma ukuta. Maji yakaingia nyuma yao. Wakapanga mabenchi juu ya mabenchi, vijana wakadandia kenchi, wakavuta watoto, wakavuta kina mama wepesi. Kenchi za Kasian hazikulia hata kidogo. Mtu mmoja akapasua bati kwa shoka, ndipo waokoaji wakawaona. Wengi waliokoka kwa sababu ya kenchi zile, na hilo nataka liandikwe pia.

Yusta hakuwa mwepesi na miguu haikumsaidia. Walimkalisha juu ya mabenchi. Mama Faustina akiwa juu ya kenchi alimfunga kanga kwapani na kumshikilia. Mabenchi yakaanza kuelea. Alimshikilia kwa muda mrefu. Wengine waliokufa mle ni mzee Aroni, mpiga ngoma wa kwaya, na mama mmoja mgeni, mpita njia, ambaye hakuna aliyemjua jina.

24 Machi

Tumemzika Yusta kwenye mvua. Crispin alikuja, akavua koti, akashika jembe na kufukia hadi mwisho, matope hadi kiunoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda. Mama Irfan alisimama na kina mama wa kanisa chini ya turubai moja.

25 Machi

Crispin kasema turekebishe jedwali kabla hawajaja kuuliza. "Tuseme tatizo ni picha za droni." Nikamwambia picha hazina tatizo, kimo ni saba nukta mbili jana, leo na kesho. Akakaa kwenye kiti akashika kichwa.

"Najua," akasema.

Nimeandika sakafu moja, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika ukweli wote: iliwekwa mbili, lini, na nani, ingawa alijua ni moja. Jina ni langu. La Crispin nalo nimeliandika. La Mama Faustina sikuliandika.

30 Machi

Mama Faustina tunaishi naye kwa Mama Irfan, juu, chumba cha stoo. Hajasema neno tangu maziko. Leo, kesho ikiwa Pasaka, alikuwa anatazama mikono yake, mimi namenya viazi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mimi niliyeandika mbili."

"Nilikulilia uandike."

"Ningekataa."

Akachukua kiazi kimoja, akakishika bila kukimenya.

"Kila Jumamosi," akasema. "Tangu Kasian apaue. Nimefagia kona zote, nimefagia chini ya mabenchi, nimefagia hadi nyuma ya milango. Sijawahi kufagia ngazi, Damari. Hata siku moja." Akaniangalia. "Nilikuwa namsukuma mdogo wangu kwenye mvua, na nilikuwa najua. Lakini ilikuwa imeandikwa."

Nikamshika mkono. Alikuwa na alama ya kanga iliyomkata kiganjani, haijapona.

6 Aprili

Mvua imepungua, asubuhi kulikuwa na jua. Jumamosi. Mama Faustina kaamka kabla yangu, kachukua ufagio, kachukua kopo la rangi nyeupe dukani. Nikamfuata. Ukumbini matope yamekauka na kupasuka, na mstari wa maji uko ukutani, juu ya kichwa changu mkono mzima.

Alitaka kufuta maneno ya nje, ila yako juu, hatuyafikii. Nikarudi dukani kuazima ngazi. Irfan akaibeba mwenyewe, ngazi ndefu ya chuma, na mama yake akaja nyuma yake pole pole akishika ukuta, hajafika huku ukumbini miaka. Mama Faustina akapanda. Sikumzuia. Akapaka MAHALI, akapaka PA, akaenda hivyo hadi kwenye ile mbili, akaipaka mara nyingi kuliko mengine.

Aliposhuka nikaanza kuikunja ngazi niirudishe.

"Acha," Mama Irfan akasema. "Isirudi dukani. Itieni ndani."

Tukaiingiza wanne, tukaiegemeza kwenye kenchi ya katikati, Irfan akaifunga kwa waya isiteleze. Mama Faustina akaitazama toka chini hadi juu. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi.